Gunia la Mjomba

Severini hakuwa mtu wa wivu. Ndivyo alivyokuwa akijisemea kila siku, na mtu anayejisemea jambo la namna hiyo kila siku huwa ana lake. Mkewe alipocheka na wanaume sokoni hakujali. Jirani yake alipoezeka bati jipya, alikwenda kumsaidia kupigilia misumari. Lakini shemeji yake Raphael akipiga hodi tu pale uani, chai aliyokuwa akiinywa Severini iligeuka chungu mdomoni.

Na ubaya wa Raphael ni kwamba hakuwa na ubaya. Hakulewa, hakujisifu, wala hakuja mikono mitupu. Alikuwa kaka wa Yuliana, mke wa Severini, na alifanya kazi mjini Morogoro, kwenye kiwanda cha magunia kule Kihonda, akisimamia zamu ya mashine za kufumia. Kila alipopanda Mgeta, milimani kwa dada yake, alileta sukari na sabuni, na kabla hajakaa alikuwa ameshamuuliza Severini habari za shamba kwa heshima zote. Mtu kama huyo utamchukia kwa lipi? Severini ilimbidi atafute, akatafuta kwa bidii, na akapata.

Sababu ya kwanza ilikuwa ya zamani. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Severini alikuja kuoa na jembe lake, akaonyeshwa kipande cha mlima cha ukoo wa mkewe, akakichonga ngazi kwa ngazi kwa miaka ishirini mpaka kikazaa njegere, karoti na kabichi. Ardhi ikabaki ya ukoo wa Yuliana, na watoto vilevile. Likizuka jambo zito juu ya mtoto, iwe posa, ugonjwa au shule, neno la mwisho ni la mjomba, na baba hukaa pembeni akiitikia. Hayo Severini aliyajua tangu utotoni. Yeye mwenyewe alikuwa mjomba wa watu huko kwao, na akienda huko kama mjomba aliiona desturi hiyo kuwa nzuri sana.

Sababu ya pili ilikuwa Judith, binti yake wa kwanza, mwanafunzi wa kidato cha tatu kwenye shule ya kata. Katika daftari la mahudhurio aliandikwa Judith Severini. Siku moja Severini alijiinamia nje ya darasa, akijifanya anafunga kamba za viatu, ili tu alisikie jina hilo likiitwa kwa sauti. Alifunga na kufungua mara tatu. Shuleni, angalau, mtoto alikuwa wake.

Halafu kiwanda kikaingia mpaka shuleni.

Ilianza kwa masanduku. Kiwanda cha magunia kilileta kwenye shule za mjini na za milimani mizani, vipimajoto, darubini na vitabu, na kila shule ikatakiwa kuunda klabu ya sayansi. Mwanafunzi achague swali moja linalowasumbua watu wa kwao, alitafutie jibu kwa vipimo, kisha ateremke kiwandani kulieleza mbele ya majaji. Watano watakaofaulu watasomeshwa sayansi kidato cha tano na cha sita, na likizo watafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda. Watu wa Mgeta walisema kiwanda hakitoi kitu bure. Mkuu wa maabara, Bi Jesca, alipokuja shuleni hakuwabishia. Aliwaambia kiwanda kimechoka kutafuta wataalamu mbali wakati milima hii imejaa watoto wanaoweza.

Judith akachagua njegere. Kwa nini njegere zitoke Mgeta zikiwa kijani, zifike Dar zimeshachemka? Kila mkulima pale alijua kwamba njegere mbichi zikibanwa pamoja hutoa joto zenyewe. Ukitia mkono katikati ya gunia siku ya pili, utautoa haraka. Lakini hakuna aliyewahi kuupima moto huo, wala kujua chombo kipi kinauzidisha na kipi kinaupunguza.

Basi Judith akataka vyombo vinne. Cha kwanza tenga la mianzi lililotandikwa majani ya mgomba ndani, na hapo hakuwa na haja ya kwenda mbali, maana baba yake alisuka matenga ambayo madalali wa Dar waliyatambua kwa kuyaona tu. Cha pili gunia la katani. Cha tatu mfuko wa sandarusi, ule wa plastiki. Cha nne kilikuwa gunia jipya lenye mistari ya vitundu ubavuni, ambalo kiwanda kilikuwa bado kinalijaribu na halijafika dukani. Hilo alilileta Raphael mwenyewe, limekunjwa kwapani.

"Gunia la mjomba," Judith akaliita, na jina likakaa.

Kwa nini lisiitwe gunia la kiwanda? Severini alijiuliza hivyo akiwa anachonga mianzi, akajikata kidole. Tenga halikuitwa tenga la baba. Liliitwa tenga.

Tangu hapo nyumba ikawa ni mjomba asubuhi, mjomba jioni. Kila jioni Judith alipanda kwenye kilima cha nyuma, mahali pekee penye mtandao, akampigia Raphael kumwuliza hili na lile. Severini alimwona kwa chini, kasimama na daftari mkononi, anaandika, halafu anacheka. Kilichomuuma zaidi ni kile kicheko. Yeye alimfundisha binti huyo kutembea kwenye vijia vyembamba vya mlima huo akiwa amemshika kidole, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimchekesha.

Ijumaa walivuna, wakajaza vyombo vinne, kila kimoja kilo ishirini, wakavipanga juu ya ubao kwenye banda la kuhifadhia mazao. Judith akachomeka kipimajoto katikati ya kila chombo. Atapima joto na uzito mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kwa siku nne. Akamfundisha baba yake kusoma kipimajoto, na Severini akafurahi saa nzima.

Jumamosi akarudi kutoka shambani, akakuta karatasi mezani. Ilikuwa fomu ya kiwanda. Chini, penye mstari wa mzazi au mlezi, palikuwa na saini yenye mkia mrefu uliojikunja vizuri. Raphael.

"Hii kasaini nani?" akamwuliza mkewe, ingawa alikuwa ameshasoma.

"Si unaona? Kaka. Alisaini siku ile alipoleta gunia."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Shambani." Yuliana aliendelea kuchambua mchicha. "Baba Judith, jambo la shule ni la mjomba. Tangu lini tukaanza kuulizana?"

"Fomu inasema mzazi."

"Inasema mzazi au mlezi. Soma yote."

Alisoma yote. Hapakuwa na mstari wa pili wala nafasi pembeni ambapo mtu angeweza kubanana na jina lake. Aliirudisha fomu mezani, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Huko wivu ukamkalia sawasawa, ule usioona aibu. Akaona jinsi itakavyokuwa: gunia la mjomba litashinda, Judith atachaguliwa, atashuka mjini, atakaa kwa mjomba, na siku akiitwa mhandisi watu watasema, huyo ni mtoto wa Raphael. Tenga litabaki Mgeta, na msukaji wake pia.

Jumapili alisema mguu unamuuma. Yuliana na Judith wakaenda misa ya kwanza, na sauti zao zilipopotea kwenye kona ya njia, Severini aliinuka akatembea vizuri tu mpaka bandani.

Alianza na gunia la mjomba. Nyuzi ishirini na nne. Akasoma la katani: ishirini na nane. Sandarusi: thelathini na tatu. Kwa hiyo lile jipya lilikuwa linawashinda wenzake kwa mbali, kama alivyoogopa. Tenga hakulisoma. Alilisuka kwa mikono yake, analijua; aliyemtaka alikuwa yule mwingine.

Akachukua kidumu cha lita tano, akayamimina maji taratibu kwenye vile vitundu vya ubavuni, upande huu na upande huu. Yaliyochuruzika akayafuta kwa gunia kuukuu, akakagua sakafu mara mbili. Hakuacha hata tone. Njegere zikilowa na kubanwa huchemka upesi, hilo halihitaji maabara. Na kwa kuwa watu wa mboga hunyunyizia maji mboga zao kila siku ili zionekane mbichi, hata mkono wake haukuona ni kitu cha ajabu.

Hilo ndilo lililomponza. Mgeta biashara ni ya tenga, gunia na debe. Chombo kimejaa au hakijajaa, basi. Mizani iliingia nyumba ile kwa mara ya kwanza ikiwa ndani ya sanduku la shule. Severini aliwaza madoa, aliwaza unyevu sakafuni, aliwaza harufu. Uzito haukumpitia kichwani hata kidogo.

Jioni alisimama mlangoni akimtazama Judith akipima. Binti alipofika kwenye gunia la mjomba alilining'iniza, akasoma. Akalishusha, akalipima tena. Mara ya tatu akaikagua ndoano ya mizani yenyewe. Kisha akatia mkono ndani ya gunia, akautoa, akautazama. Akatazama sakafu. Akatazama kidumu pale kilipo, kimegeuzwa mdomo chini, wakati siku zote hukaa mdomo juu.

"Vipi?" akauliza Severini.

"Hamna kitu, baba."

Akaandika, kisha akachukua kifutio, akafuta alichoandika, akaandika tena.

Kufika Jumatatu gunia la mjomba lilikuwa limefika nyuzi thelathini na sita na linatoa harufu. Severini alikula viazi viwili zaidi asubuhi hiyo, vikashuka vizuri. Lakini kufika Jumatano furaha yenyewe ilikuwa imemwishia, kwa sababu Judith hakulalamika. Hakumpigia mjomba wake, hakumwuliza baba yake lolote. Alichora grafu zake kimya, na kila Severini alipoingia chumbani alilifunga daftari.

Jumamosi iliyofuata waliteremka na lori la kabichi mpaka mjini, Severini, Yuliana na Judith, pamoja na vyombo vinne vitupu. Raphael aliwapokea stendi ya Msamvu akiwa na ovaroli ya buluu, jina lake limeshonwa kifuani. Akaikimbilia mizigo, akalibeba tenga begani kwa uangalifu, akasema, "Shemeji, hii kazi yako mashine zetu haziiwezi." Severini akaitikia kwa kukohoa. Alitamani angelibeba mwenyewe.

Maonyesho yalikuwa kwenye bwalo la chakula la kiwanda. Meza zilipangwa mistari, kila moja na kibao chake. Kulikuwa na msichana wa Mkuyuni aliyepima maji ya mto, na wengine waliotengeneza mkaa wa makapi ya mkonge. Kwenye meza ya tisa kibao kiliandikwa JUDITH SEVERINI kwa herufi kubwa. Severini akakisoma, akakisogeza kidogo ili kionekane vizuri kutoka mlangoni, na hapohapo akamwona Raphael akikitazama na kutabasamu, naye akajuta kukigusa.

Bi Jesca alikuwa mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Alimwamkia Severini shikamoo, akamwamkia Yuliana, kisha akawasahau kabisa, akamgeukia Judith. Judith alieleza vizuri. Watu wa meza za jirani wakaanza kusogea. Njegere huvuta hewa hata zikishavunwa, alisema, ndiyo maana zinatoa joto. Chombo kisichopitisha hewa hulizuia joto hilo ndani. Bi Jesca aliitikia kwa kichwa huku akifuata mistari ya jedwali kwa kalamu yake. Kisha kalamu ikasimama.

"Gunia jipya. Jumapili asubuhi, kilo kumi na tisa na nusu. Jumapili jioni, kilo ishirini na moja na nusu." Akainua macho. "Vyombo vingine vyote vinapungua uzito kila siku, kama inavyotakiwa. Hili limeongezeka kilo mbili mchana mmoja. Hizi njegere zilikula nini?"

Watu wakacheka. Severini alihisi maji yale yakimrudia yeye mwilini, ya baridi, kuanzia shingoni.

"Nilikosea kupima, madam," Judith akasema.

"Ulipima mara ngapi?"

"Mara moja."

Severini aliyasikia maneno hayo, akamtazama binti yake, naye Judith hakumtazama. Hapo ndipo alipojua kwamba Judith anajua, na kwamba amejua tangu jioni ile ile.

"Mara moja." Bi Jesca alivua miwani ikaning'inia kifuani. Hakukasirika, alisikitika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Binti, una kichwa kizuri. Lakini umeona namba isiyowezekana na hukurudia. Kama umekosea hapa, nitajuaje hukukosea kwenye mistari mingine yote? Maabara yangu haiwezi kuchukua mtu wa kupima mara moja."

Akafunga daftari, akamrudishia. Wale majaji wawili walioandamana naye walikuwa wameshaigeukia meza ya kumi.

Hapo Raphael akajitokeza.

"Samahani, madam. Kosa si la mtoto." Aliikunja kofia yake mikononi. "Ni langu mimi. Lile gunia nililichukua kutoka chumba cha majaribio likiwa bado na unyevu. Sikumwambia. Nadhani ndilo lililoharibu vipimo."

Ulikuwa uongo, tena uongo wa hovyo, maana gunia tupu halibebi kilo mbili za unyevu na kuisubiri Jumapili. Raphael aliijua kazi yake vizuri kupita hapo. Alikuwa akijitia matatani mbele ya mkubwa wake ili amwokoe mtoto, na bwalo zima lilimtazama kwa huruma, na Yuliana akaweka mkono kifuani.

Severini angeweza kunyamaza. Binti alikuwa ameshamficha, sasa na shemeji anamficha, wote wawili kwa hiari yao, na Mgeta hakuna ambaye angejua. Nataka kusema ni dhamiri iliyomwinua, na huenda ilikuwepo mahali fulani kwa nyuma. Lakini kilichomwinua hasa kilikuwa ni wivu, ule ule wa siku zote. Hakuweza kuvumilia kumwona Raphael anaondoka na hilo pia.

"Shemeji, acha," akasema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyopanga. "Shamba ni la ukoo wenu, sawa. Mtoto ni wa ukoo wenu, sawa. Fomu umesaini wewe. Lakini hili kosa ni langu. Usinichukulie na kosa."

Bi Jesca akavaa miwani.

"Kosa gani, baba?"

"Nilimwagia maji. Jumapili, wao wakiwa misani. Lita tano, kwenye vile vitundu."

"Kwa nini?"

Severini alitazama viatu vyake. Vilikuwa vimefungwa vizuri. "Kwa sababu lilikuwa linaitwa gunia la mjomba."

Hakuna aliyecheka safari hii, isipokuwa mama mmoja wa Mkuyuni, naye akajiziba mdomo kwa khanga. Yuliana alimtazama mumewe kama anayeona mtu akivuliwa nguo hadharani. Raphael aliivaa kofia yake, akaivua tena.

Bi Jesca alilichukua daftari, akalifungua pale pale, akaliinamisha kuelekea dirishani. Penye uzito wa Jumapili jioni karatasi ilikuwa imechakaa kwa kifutio, lakini penseli ilikuwa imekandamizwa, na alama zilibaki. Alizisoma kwa sauti ya chini. "Nimepima mara tatu. Maji. Kidumu kimegeuzwa. Baba."

Judith akaanza kulia, bila kelele.

"Kwa hiyo ulipima mara tatu."

"Ndiyo, madam."

"Ukajua sababu."

"Ndiyo, madam."

"Baba yako kosa lake ni la kumwaga. Lako ni la kufuta, na kwangu mimi lako ndilo kubwa." Akampa kalamu ya wino. "Andika upya. Hapo hapo, pembeni ya ulipofuta."

Judith akaandika. Severini alisimama akitazama neno Baba likitokea upya kwa wino wa bluu. Alikuwa ametamani kwa muda mrefu kuandikwa katika daftari hilo.

Bi Jesca sasa alikuwa amelishika tenga, analigeuza, anapitisha vidole kwenye masuko yake. "Hili nani kalisuka?"

"Mimi," Severini akasema.

"Ulisoma joto lake, siku ile ya maji?"

"Sikulisoma."

"Lilikuwa nyuzi ishirini na mbili." Akamwonyesha mstari kwenye jedwali. "Ijumaa lilikuwa la kwanza. Jumamosi, la kwanza. Jumapili asubuhi, kabla hujaingia na kidumu chako, lilikuwa limelipita gunia letu jipya kwa ubaridi wa nyuzi mbili. Ungeliacha, leo ningeandika kwamba tenga la Mgeta limelishinda gunia la kiwanda, na ningeipeleka karatasi hiyo kwa wakubwa zangu kwa mkono wangu."

"Si limeshinda, basi?"

"Limemshinda nani, baba? Mshindani wake umemwagia maji."

Severini alilitazama tenga lake, likiwa mikononi mwa mwanamke huyo, na kwa mara ya kwanza alitamani kweli kulia.

Bi Jesca hakuwa mtu wa kupoteza muda. Nafasi zilikuwa tano, akasema, nne atazijaza siku hiyo. Ya tano ataiacha wazi wiki tatu. Judith arudie kila kitu tangu mwanzo, njegere mpya, gunia jipya, tenga jipya, na safari hii asifute hata nukta. "Na banda liwe na kufuli," akamalizia, akaenda meza ya kumi.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanda, wanaume wawili walisubiri lori la kurudi. Mashine zilinguruma upande wa pili. Yuliana alikaa mbali nao kwa makusudi, na Judith alikaa na mama yake.

"Shemeji," Raphael akasema baadaye, "ungeniambia tu kwamba saini haikukupendeza."

"Ungesikia?"

Raphael akafikiri. "Nisingesikia."

Akachungulia barabarani; lori bado.

"Mimi nina mabinti wawili hapa mjini," Raphael akaendelea, bila kumtazama. "Neno lao analo kaka wa mke wangu. Anafanya kazi benki. Juzi kaja na fomu ya yule mdogo, kaisaini mezani kwangu, kwa kalamu yangu."

Severini akamgeukia. Hili hakuwahi kuliwaza. Miaka yote alimwona Raphael kama mjomba tu, mjomba mtupu, asiye na nyumba ya kurudia.

"Ukafanya nini?"

"Nikamtengea chai."

"Yenye sukari?"

"Kidogo," Raphael akasema. "Kidogo sana."

Severini hakucheka, lakini alisogea kwenye lile benchi ili mwenzake apate pa kukaa. Wivu haukumtoka. Ningesema umemtoka ningekuwa nawadanganya, maana hata pale alipokuwa anasogea aliona ovaroli ya Raphael ilivyopigwa pasi. Ila ulipata mtu wa kukaa naye.

Tenga jipya alilisuka kwa siku tano, kwa mianzi iliyokomaa, na hakujikata kidole. Ijumaa Raphael akapanda Mgeta na gunia lingine kwapani. Wakavuna pamoja, wakajaza, wakapanga ubaoni. Judith alipima kila kitu mara tatu, akaandika kwa wino. Kisha akatoa kufuli mfukoni, jipya, akatoka nyuma yao, akaubana mlango.

Severini alimtazama anavyouzungusha ufunguo na kuutumbukiza kwenye mfuko wa sketi ya shule.

"Hata mimi siingii?" akauliza.

"Hata wewe, baba."

Maneno hayo yalimchoma, na alijua ni yeye aliyeyatafuta. Atayasikia mara nyingi, na huenda siku moja mtoto ataacha kuyasema, lakini siku hiyo ilikuwa bado mbali. Alishuka ngazi ya kwanza ya shamba, akasimama, akageuka.

"Na mjomba?"

"Hata mjomba."

Severini akaitikia kwa kichwa, akamtazama Raphael aliyesimama nje ya mlango uliofungwa, sawasawa na yeye, akaenda zake shambani akipiga mluzi.